Mlima Sinai: mnaochangia hija, msikubali kupandishwa na kushushwa kwa njia ya ngamia

#1 Mpanda Mawe (mleta mada)

Wakuu, mwangaluka.

Kila Kwaresima ikikaribia, magrupu ya WhatsApp ya jumuiya na parokia hapa Mwanza yanajaa matangazo ya hija: Misri, Israeli, Yordani, lipa kidogo kidogo. Picha ni ileile, watu wamejifunika mablanketi juu ya Mlima Sinai wanangoja jua. Mimi nilishaenda na kundi la namna hiyo na sijutii hata shilingi. Ila kuna kitu wakala wetu hakutuambia, na kwangu ndicho kinachotenganisha hija na utalii wa usiku. Nakiweka hapa kwa ajili ya wanaochanga sasa hivi.

Tuanze na mlima. Wenyeji wanauita Jebel Musa, mita 2,285 juu ya usawa wa bahari. Namba isiwatishe. Ziwa letu lenyewe liko mita 1,134, kwa hiyo mtu anayeanika dagaa pale Kirumba tayari yuko karibu nusu ya Sinai. Monasteri ya Mtakatifu Katarina iko chini ya mlima, mita 1,500 na ushee, hivyo mnachopanda kwa miguu ni kama mita 700 na kitu. Ni mawe matupu, ndugu wa haya ya kwetu, ila mekundu na hayana hata kichaka cha kushikilia.

Wakristo wamekuwa wakihiji pale tangu zamani sana. Miaka ya 380 alifika mwanamke aitwaye Egeria, ametoka huko magharibi mwa dola ya Kirumi, na akawaandikia dada zake wa kiroho nyumbani kila alichokiona. Wakati huo hakukuwa na ngome, watawa waliishi kwenye mapango na vibanda. Anasema njia haizunguki, unapanda wima kama unakwea ukuta, na mnyama wa kupanda hakusaidii kitu. Alifika kileleni saa nne, na kwa kuwa Warumi walihesabu saa kuanzia macheo kama sisi, hiyo ni saa nne yetu ya asubuhi. Juu akakuta kanisa dogo na pango la Musa. Wakasoma habari za Musa palepale zilipotokea, wakapokea ekaristi, na wakati wa kutoka watawa wakawagawia matunda yaliyolimwa mlimani. Halafu anataja jambo moja kama analipitia tu: hakuna mtu anayeishi kule juu. Watu wanapanda, wanasali, wanashuka.

Karne ya 6 Kaisari Justiniani akajenga ngome na kanisa chini ya mlima, mahali ambapo mapokeo yanasema kijiti kiliwaka moto bila kuteketea. Tunajua muda wa ujenzi kutokana na boriti za paa. Zimechongwa sala inayomtaja Justiniani kama mtu aliye hai na mkewe Theodora kama marehemu. Theodora alifariki 548, Justiniani 565. Kwa hiyo paa liliezekwa kati ya miaka hiyo, na boriti bado ziko juu ya vichwa vya waumini hadi leo.

Sasa nije kwenye hoja yangu.

Nyuma ya monasteri zinaanza ngazi za mawe 3,750, zinaitwa Ngazi za Toba. Inasemekana mtawa mmoja alizipanga kwa mikono yake kama kitubio. Ukikaribia juu, kabla ya bonde la Eliya, njia inabanwa na miamba pande zote mbili, na hapo kuna matao mawili ya mawe, moja chini, lingine juu yake. Pale ndipo alipokuwa anakaa mtawa Stefano katika karne ya 6. Hupandi mpaka umeungama. Mahujaji wa zamani wameandika kwamba baadaye ulikuwa utaratibu kabisa: unaungama kwenye tao la kwanza, unapewa cheti, unakionyesha kwenye tao la pili ndipo unaachiwa. Na unasomewa Zaburi ya 24, "Ni nani atakayepanda katika mlima wa BWANA?" Jibu mnalijua, mtu aliye na mikono safi na moyo mweupe. Maana yake kazi yote ya hija ilikuwa inafanyika *kabla* ya kilele. Kileleni ulikuwa unaenda kushukuru tu.

Karne ya 19 mtawala wa Misri, Abbas Pasha, akachongesha njia nyingine, pana, ya ngamia. Inapanda taratibu ikizunguka ubavuni, na inakuja kuungana na ngazi pale zilipobaki kama 750. Ni njia nzuri na imewafikisha wazee wengi. Tatizo ni kwamba inaungana na ngazi ikiwa imeshayapita matao yote mawili. Makundi karibu yote siku hizi yanapanda kwa njia hiyo usiku na kushuka kwa njia hiyohiyo asubuhi, yawahi basi la kwenda Taba. Watu wanarudi nyumbani na picha za jua, mlango wa toba hawajauona hata kwa mbali.

Sisi tulioshuka kwa ngazi tulikuwa wachache. Mmoja alikuwa mama wa Magu, mtu mzima, kajifunga khanga juu ya suruali ya michezo aliyoazima kwa mwanawe. Tulipofika kwenye tao akamwuliza kijana wa Kibedui anayetuongoza hiki ni nini. Akaelezwa. Akageuka kumtafuta padri wa kundi letu, akaambiwa Baba Padri ameshatangulia na ngamia. Mama akakaa kwenye jiwe, akavua viatu, akasema, "Basi nitazungumza na mwenye mlima mwenyewe. Nyinyi tangulieni." Tukatangulia. Tulimngoja chini muda mrefu mpaka dereva akaanza kupiga honi, na alipofika hakuna aliyethubutu kumwuliza lolote.

Kwa hiyo: pandeni usiku kwa njia ya ngamia, maana ngazi gizani ni hatari. Mkishaona jua, shukeni kwa ngazi. Mwambieni wakala mapema, kabla hamjalipa, na mwambieni kiongozi wa mlimani kabla hamjaanza kupanda. Kiongozi ni lazima, huruhusiwi kwenda peke yako. Chukueni sweta nzito na soksi. Baridi ya kule siyo hii ya upepo wa ziwani, wakati wa kipupwe theluji inaanguka.

Karibuni kwa maswali.

#2 Dagaa Mkavu

Ngazi 3,750 ndiyo habari? Mkuu, sisi wa Mabatini juu tunapanda Sinai kila siku na ndoo kichwani na hakuna anayetupa cheti.

Utani pembeni, uzi umeshiba. Naweka kambi hapa.

#3 Sauti ya Nyikani

Mleta mada umeandika vizuri lakini umewapoteza watu. Mlima Sinai wa kweli uko Saudi Arabia, unaitwa Jabal al-Lawz. Kilele kimeungua, cheusi tii, video ziko YouTube tele. Na Paulo mwenyewe amesema, Wagalatia 4:25, "mlima Sinai ulioko Arabuni". Huo wa Misri ni biashara ya Warumi na Wagiriki.

#4 Mpanda Mawe

Nilijua utakuja, ndugu yangu. Hizo video nimeziangalia.

Jabal al-Lawz upo na ni mrefu kuliko Jebel Musa. Weusi unaoonyeshwa kwenye video wanajiolojia wanasema ni rangi ya asili ya mwamba, siyo masizi. Na Arabuni ya Paulo usiipime kwa ramani ya leo: enzi za Warumi jina hilo lilichukua hadi rasi ya Sinai. Ile aya haiamui kesi upande wowote.

Nakupa haki yako sehemu moja. Hakuna mwanaakiolojia aliyechimba akatoa kitu cha kuthibitisha kwamba Musa alisimama Jebel Musa. Hata upande huohuo wa Misri kuna waliowahi kuutetea mlima mwingine, Jebel Serbal. Lakini mimi sikuandika uzi wa kuthibitisha kitabu cha Kutoka. Nimeandika kuhusu hija, na hija ya pale ina miaka 1,600 ya watu waliopanda kwa magoti, kwa machozi, na kwa madeni. Hiyo ipo kwenye maandishi na kwenye mawe yaliyolika kwa nyayo. Lawz haina hiyo.

#5 Binti wa Igoma

Mimi ni wa AIC, Mprotestanti, nawasalimu katika jina la Bwana. Niulize kwa upole kabisa. Yesu alimwambia yule mwanamke Msamaria, Yohana 4:21, "saa inakuja ambayo hamtamwabudu Baba katika mlima huu, wala kule Yerusalemu." Sasa hela yote hiyo ya nauli ni ya nini? Mungu wa Sinai hasikii Igoma? Kanisani kwetu bado tunachangia mabati.

#6 Ngosha wa Misungwi

Dada yangu hapo umepiga penyewe, na mimi ni Mkatoliki. Ila soma na 1 Wafalme 19. Katika Biblia nzima mtu aliyerudi kwenye mlima ule baada ya kizazi cha Musa ni mmoja tu anayetajwa, Eliya. Amemkimbia Yezebeli, ametembea siku 40, amefika Horebu, yaani Sinai hiyohiyo, ameingia pangoni. Tungetegemea Mungu amwambie karibu, umefanya vizuri kuja. Badala yake anaulizwa, "Unafanya nini hapa, Eliya?" Na anaulizwa mara mbili! Upepo, tetemeko, moto, sauti ndogo, halafu amri: rudi zako, kuna wafalme wa kuwapaka mafuta na Elisha wa kumrithisha kazi.

Kwa hiyo hata Biblia haimbembelezi hujaji. Ukienda Sinai ujue utaulizwa swali hilo. Mwenye jibu aende, asiye na jibu abaki achangie mabati, na Mungu hatamhesabia deni.

Mimi hija yangu ni Namugongo, kwa mashahidi wa Uganda, tarehe 3 Juni, basi kupitia Bukoba na Mutukula. Mbali ni mbali, lakini wale mashahidi ni majirani zetu, ziwa ni moja.

#7 Binti wa Igoma

Hilo la Eliya kuulizwa mara mbili sijawahi kulisikia likihubiriwa. Asante, ngosha. Kuhusu mabati bado nasimama palepale 😀

#8 Mswahili wa Rufiji Street

Asalaam aleikum wakuu. Sisi mlima huo tunauita Tur Sina, umo ndani ya Qur'ani, na Sura At-Tin inauapia. Nimesikia kuna msikiti ndani ya hiyo monasteri. Ni kweli au ni maneno ya vijiweni?

#9 Mpanda Mawe

Waaleikum salaam. Ni kweli kabisa, na swali lako limenifurahisha.

Msikiti upo ndani ya kuta, wa zama za Wafatimi, Waislamu waliotawala Misri enzi hizo, mnara wake umesimama jirani na mnara wa kengele. Na juu kileleni ni hivyohivyo, kuna kanisa dogo la Utatu Mtakatifu lililojengwa upya 1934, na hatua chache pembeni kuna msikiti mdogo.

Watawa wanatunza nakala ya hati ya ulinzi wanayosema walipewa na Mtume Muhammad, ina alama ya kiganja. Wanasema ya asili Sultani Selim wa Kwanza aliichukua kwenda Istanbul 1517. Wanahistoria wanabishana kama kweli ilitoka kwa Mtume, lakini watawala Waislamu waliofuatana waliiheshimu, na nyumba ile ya Kikristo haijawahi kuvunjwa.

Tena kuna kisa ambacho Wakristo wenzangu wengi hawakijui. Karne ya 8 na ya 9 makaisari wa Bizanti, yaani dola ya Kirumi ya mashariki, Wakristo, walipiga marufuku picha takatifu na kuziharibu katika dola yao. Sinai wakati huo ilikuwa chini ya Waislamu, amri ya kaisari haikufika. Ndiyo maana ukitaka kuona picha ya Kristo ya karne ya 6 unaenda pale. Imechorwa kwa nta na rangi juu ya ubao, na ukiitazama, nusu moja ya uso ni ya upole na nusu nyingine ni kali. Ziba upande mmoja kwa mkono, kisha zibua uzibe wa pili, utaona watu wawili.

Halafu kuna Wajabaliya, kabila la Kibedui la pale. Mapokeo yao yanasema mababu zao waliletwa na Justiniani kuitumikia na kuilinda monasteri. Baadaye wakawa Waislamu, na kazi hawakuiacha. Ndio waongoza njia, wenye ngamia, watunza bustani. Ukifika kileleni unatetemeka, anayekukodisha blanketi na kukuuzia chai ni wao. Kijana wetu alituacha dakika chache akaswali alfajiri, akarudi akamshika mkono mama wa Magu kupanda zile ngazi za mwisho. Kwa sisi tuliokulia Mwanza ambako Idi pilau inavuka ukuta na Krismasi inarudi, hilo halikutushangaza. Waliokuwa wanapiga picha ni wazungu.

#10 Kalamu ya Nyakato

Naongeza nyama. Pale ndipo ilipotoka ile Biblia ya Kigiriki ya karne ya 4, Kodeksi ya Sinai, yenye Agano Jipya lote. Mjerumani Tischendorf aliona kurasa zake 1844 akaondoka na baadhi, akarudi 1859 akachukua sehemu kubwa kwenda kwa mfalme wa Urusi. 1933 serikali ya Stalin ikawauzia Waingereza kwa pauni 100,000. Watawa mpaka leo wanasema waliazimisha, hawakutoa. Sasa imegawanyika London, Leipzig, St Petersburg na Sinai kwenyewe, ambako 1975 vilipatikana vipande vingine kwenye chumba kilichosahaulika.

Mkiazimisha kitabu, andikishianeni.

#11 Dagaa Mkavu

Kumbe hata watakatifu hawarudishiwi vitabu. Kile changu cha hesabu cha kidato cha pili nimekisamehe rasmi leo.

#12 Mtu wa Sengerema

Wakuu, nilisoma kwamba serikali ya Misri inaichukua monasteri. Kweli bado kunaendeka?

#13 Mpanda Mawe

Kunaendeka. Kilichotokea ni hukumu ya mahakama ya Mei 2025 iliyosema ardhi ni ya serikali na watawa wana haki ya kuitumia. Ugiriki ikaja juu, maana watawa wengi wa pale ni Waothodoksi wa Kigiriki, na Misri ikasema hadhi takatifu ya mahali haitaguswa. Wakati huohuo kuna mradi mkubwa wa hoteli na barabara kwenye bonde lile. Eneo liko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2002.

Maoni yangu binafsi, hoteli zinanitia wasiwasi kuliko hukumu. Mtu akishalala kwenye kiyoyozi na kupelekwa kwa gari mpaka mguuni mwa mlima, ataomba na lifti.

Wanaokwenda wajue pia monasteri inafunguliwa saa chache tu za asubuhi, na kuna siku haifunguliwi kabisa, ikiwemo Jumapili. Ulizeni ratiba kabla, msije mkakuta geti. Zamani geti lenyewe lilikuwa limezibwa, kwa karne nyingi mgeni alivutwa kwa kamba mpaka kwenye dirisha juu ya ukuta. Kwenye kanisa dogo la kijiti kinachowaka mnavua viatu, kama Musa alivyoambiwa. Na mkiruhusiwa kuingia chumba cha mifupa ya watawa, pale mlangoni mtamwona Stefano mwenyewe, mlinzi wa tao, ameketi na mavazi yake. Ardhi ni mwamba na makaburi ni machache, kwa hiyo mtawa akifa anazikwa, baadaye mifupa inatolewa kumpisha mwingine.

#14 Mama Pacha Buzuruga

Mleta mada shikamoo kama umenizidi, marahaba kama nimekuzidi. Mama yangu ana miaka 68, magoti yanamsumbua, na anataka kwenda kabla hajafa, ndivyo anavyosema kila Jumapili. Ataweza? Na hayo matao atayaonaje kama ngazi hazimudu?

#15 Mpanda Mawe

Shikamoo mama, nadhani umenizidi.

Ngamia atamfikisha mpaka pale njia mbili zinapokutana. Baada ya hapo zinabaki zile ngazi 750, ngamia haendi, na ngazi hazilingani, nyingine zinafika magotini. Kwa magoti mabovu asilazimishe. Pale chini yake kuna vibanda vya Wabedui, atakaa na chai yake na jua atalipata vilevile, mashariki pako wazi.

Kwa matao, mpange na kiongozi kabla ya kupanda. Kutoka pale njia zinapokutana mnaingia bonde la Eliya lenye miti ya misipresi, kisha ngazi zinaanza kushuka kuelekea kwenye tao. Muulizeni kiongozi hali ya ngazi za kipande hicho siku hiyo. Akisema zinafaa, mama ashuke polepole, mtu mmoja mbele yake na mmoja nyuma, kisha arudi juu achukue ngamia wake kushuka. Akisema hazifai, msibishane naye, amewaona wengi. Ngamia mlipeni kwenda na kurudi, na bei muielewane hapohapo chini kabla hajapanda mgongoni.

Na padri wa kundi lenu mwambieni kuanzia sasa kwamba asitangulie.